Kivuli Kilichotangulia Mwili: Mwongozo wa Kusoma Agano la Kale na Jipya kwa Pamoja

Kivuli, katika lugha ya wafafanuzi wa Biblia, ni mtu, tukio, kitu au ibada ya Agano la Kale ambayo Wakristo huiona kuwa ilichora mapema umbo la jambo lililokuja kutimia kwa Yesu Kristo au kwa kanisa lake. Adamu ni kivuli cha Kristo, gharika ya Nuhu ni kivuli cha ubatizo, mana ya jangwani ni kivuli cha mkate ambao Yesu aliuzungumzia kule Kapernaumu. Kile kilichotangulizwa na kivuli huitwa mwili, au utimilifu. Maneno hayo mawili, kivuli na mwili, yamo katika Biblia ya Kiswahili ya Muungano iliyotoka mwaka 1952, kwenye Wakolosai 2:17, na hadi leo hayajapata ya kuyazidi.

Mtu anayetembea kutoka Mwatate kuelekea Voi wakati wa alasiri anaielewa picha hii bila kuelezwa. Jua liko mgongoni, upande wa Taveta na Kilimanjaro, na kivuli kimelala mbele yake juu ya udongo mwekundu. Aliyeketi barazani anakiona kivuli kikifika mlangoni kabla ya mgeni. Kinamwambia kwamba kuna mtu, kwamba ana mzigo kichwani, pengine kwamba anachechemea. Hakimwonyeshi sura wala hakipigi hodi. Mgeni akishaingia, hakuna anayeendelea kuongea na kivuli. Hoja nzima ya Waraka kwa Waebrania, sura ya 8 hadi ya 10, imo humo: hema, makuhani na dhabihu vilikuwa vya kweli, vilitoka kwa Mungu na vilionyesha umbo sahihi, lakini mgeni mwenyewe alikuwa bado njiani.

Neno la pili ni mfano, nalo linataka uangalifu kwa kuwa Kiswahili kimelibebesha mizigo mitatu. Kuna mfano kama ule wa mpanzi katika Mathayo 13, yaani kisa kilichotungwa ili kufundisha. Kuna mfano wa kuigwa. Na kuna mfano wa Warumi 5:14, ambapo Adamu anaitwa mfano wa yule atakayekuja; huu ndio kivuli. Mhubiri akitamka tu kwamba Yona ni mfano, baadhi ya wasikilizaji watadhani Yona ni wa kuigwa, mtu aliyetoroka kazi akapanda merikebu ya kwenda upande mwingine, na wengine watadhani kisa chake ni cha kubuni. Anayefundisha afadhali aseme kivuli anapokusudia kivuli.

Neno la Kigiriki lililo nyuma ya mfano wa Warumi 5 ni typos, na maana yake ya asili ni alama iliyoachwa na pigo. Ndilo Yohana 20:25 inalolitumia kwa alama za misumari mikononi mwa Yesu. Lilitumika pia kwa kalibu. Aliyewahi kufyatua matofali anajua kalibu ni kitu gani: ubao wenye umbo kamili la tofali, urefu wake, upana wake na kina chake, lakini ndani mtupu. Hakuna anayejenga ukuta kwa kalibu. Hata hivyo tofali likitoka na pembe butu, fundi haendi kulilaumu tofali, anaitazama kalibu. Umbo la lililotangulia lina mamlaka juu ya maelezo ya lililofuata, na hilo watu wengi husahau.

Kivuli si sawa na unabii. Unabii ni maneno: Mika 5:2 inautaja Bethlehemu kwa jina. Kivuli ni tendo au kitu, na aliyekuwepo huenda hakujua kwamba kina maana zaidi ya ile aliyoiona. Mama wa Kiebrania aliyewafungia wanawe ndani usiku ule wa Misri alikuwa akiogopa mauti ya mzaliwa wa kwanza, hakuwa akiwaza juu ya Golgotha. Tena kivuli si fumbo. Katika fumbo, kila kipande cha kisa hugeuzwa kuwa jambo jingine, na haidhuru kama kisa kilitokea au hakikutokea. Paulo mwenyewe amelitumia fumbo mara moja waziwazi, katika Wagalatia 4, alipowafanya Hajiri na Sara kuwa maagano mawili. Kivuli kinadai tukio libaki tukio.

Usomaji huu haukuzuliwa na Wakristo. Manabii wa Israeli waliuanza. Isaya 43 inachukua kisa cha kuvuka bahari na kukifanya kipimo cha wokovu mpya kutoka Babeli. Ezekieli 34 inamngojea Daudi mwingine wakati Daudi wa kwanza amekwisha kuzikwa karne nyingi. Kumbukumbu la Torati 18 linaahidi nabii mfano wa Musa. Kwa hiyo waandishi wa Agano Jipya walipomwita Yesu Adamu wa mwisho, au walipoisimulia kazi yake kama Kutoka kupya, walikuwa wakitembea katika njia iliyokwisha kukanyagwa. Luka 24 inaeleza kwamba Yesu mwenyewe, akiwa na wanafunzi wawili katika njia ya Emau, alianzia kwa Musa. Mwaka 144 Marcion alitengana na kanisa la Roma kwa kutaka Agano la Kale litupwe lote, na mojawapo ya majibu aliyopata ni haya ya kivuli na mwili: ukikitupa kivuli, umemkana aliyekitupia. Baadaye Aleksandria na Antiokia zikashindana. Wa Aleksandria, Origen akiwa mkuu wao, walipenda fumbo. Wa Antiokia walishikilia historia. Ubishi huo haujaisha, na kila mkutano wa injili wa uwanjani mjini Voi una Mwaleksandria wake.

Taita Taveta ina sababu yake ya kulitazama jambo hili kwa makini. Mmisionari Krapf, alipofika Mombasa mwaka 1844, alianza tafsiri yake ya Kiswahili na kitabu cha Mwanzo. Mwenzake Rebmann alipita katika nchi ya Wataita mwaka 1848 akielekea Kilimanjaro. Lakini misheni zilipokita mizizi, ile ya Waanglikana chini ya J. A. Wray mlimani Sagalla mwaka 1883 na ile ya Wakatoliki huko Bura mwaka 1892, kazi ya kutafsiri kwa lugha za wenyeji ilifuata mpangilio mwingine: kwa Kitaveta, kwa Kidawida na hata kwa Kisagalla, Agano Jipya ndilo lililotangulia kuchapishwa. Mpangilio huo una mantiki yake, kwa kuwa wamisionari walitaka Injili isomwe haraka. Matokeo yake ni kwamba msomaji wa lugha ya mama alikutana na Mwana-Kondoo wa Yohana 1 kabla hajamsoma mwana-kondoo wa Kutoka 12; aliufahamu mwili kwanza, kivuli baadaye, kinyume cha msikilizaji wa Paulo katika sinagogi. Mazoea hayo yamebaki. Vikundi vingi vya kujifunza Biblia hufungua Agano la Kale vikijua jibu tayari, na kisa cha kale hakipewi nafasi ya kusema lake.

Kanuni ya kwanza ya kazi hii, basi, ni kusoma kisa cha kale chote, kwa sauti, bila kumtaja Kristo hata mara moja, hadi kisimame kwa miguu yake chenyewe. Nani anazungumza, ana shida gani, nini kinabadilika. Nyoka wa shaba anafaa kwa zoezi hili kuliko kivuli kingine chochote, hasa Voi, ambako nyoka si habari za vitabuni.

Hesabu 21:4-9 ina aya sita tu. Waisraeli wamezungushwa ili wasipite Edomu, wamechoka njiani, wanalalamika kwamba hakuna maji na kwamba chakula kile kile kimewakinaisha. Wanaletewa nyoka wenye sumu kali, na wengi wanakufa. Wanakiri kosa na kumwomba Musa awaombee nyoka waondolewe. Hapo pana jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita: ombi halikujibiwa kama lilivyoombwa. Maandiko hayasemi kwamba nyoka waliondoka. Kilichotolewa ni nyoka mwingine, wa shaba, juu ya mti, na aliyeumwa akimtazama anaishi. Mtu wa Voi akikuta swila au kifutu uani anatafuta fimbo ndefu kwanza. Kumwambia atafute fundi achonge sanamu ya yule yule mnyama ni kumpa jambo lisiloingia akilini. Ugeni huo ndio uzito wa kisa. Dawa imetengenezwa kwa sura ya kilichoua. Na aliyeumwa hakutakiwa kutoa kitu wala kupanda mlima. Alitakiwa kuinua macho.

Kisha isomwe 2 Wafalme 18:4, aya ambayo wahubiri wengi huiacha. Karne nyingi baadaye yule nyoka bado yupo, ana jina, Nehushtani, na watu wanamfukizia uvumba. Mfalme Hezekia anamvunja vipande vipande, naye anasifiwa kwa tendo hilo. Kitabu cha Hekima ya Sulemani, kilicho katika Biblia ya Wakatoliki, sura ya 16, kinaeleza kwamba aliyetazama aliponywa na Mungu mwenyewe wala si na kile alichokiona. Yaani ndani ya Maandiko ya kale yenyewe lilikuwapo onyo kwamba kivuli kikishikwa kama mwili hugeuka sanamu.

Hapo ndipo ifunguliwe Yohana 3:14. Nikodemo ni mwalimu. Hesabu 21 anaijua. Yesu anamwambia kwamba Mwana wa Adamu atainuliwa kama Musa alivyomwinua nyoka. Kiswahili kimebahatika hapa, kwa sababu kuinuliwa kwetu, kama katika Kigiriki cha Yohana, kunabeba maana mbili: kupandishwa juu ya mti na kupandishwa cheo. Injili hii inazicheza zote mbili hadi sura ya 12. Sasa msomaji anaweza kuandika yanayolingana: waliokwisha kuumwa, aliyeinuliwa juu ya mti, kutazama ambako Yohana anakufanya kuwa kuamini, uhai. Pia dawa yenye sura ya kilichoua, jambo ambalo Paulo analigusa kwa namna yake katika 2 Wakorintho 5:21. Na aandike yasiyolingana, kwa kalamu ile ile: nyoka ni shaba isiyo na uhai, hakuumia, waliomtazama walipona sumu wakaja kufa baadaye kama watu wote, Kristo hakuvunjwa na mfalme yeyote kwa ibada ya watu kuharibika. Kivuli kisicho na orodha ya tofauti ni picha iliyochorwa na mhubiri. (Aliyeumwa na nyoka leo akimbizwe Hospitali ya Moi mjini Voi. Kisa cha Hesabu 21 hakikuandikwa kuwa maagizo ya huduma ya kwanza, na kusema hivi si kukosa imani.)

Kivuli cha Pasaka ni kikubwa zaidi na kinajulikana zaidi, kwa hiyo kinahitaji kufunzwa upya kwa vitu vidogo. Kutoka 12:5 inaruhusu mnyama achukuliwe katika kondoo au katika mbuzi. Neno mwana-kondoo limelificha hilo, na wakazi wa Taita Taveta, wanaofuga mbuzi kila kona, hupoteza bure daraja lililo tayari. Anatakiwa ndume, wa mwaka mmoja, asiye na kilema. Mnunuzi wa soko la mifugo anajua kazi hiyo: anafunua mdomo kuyatazama meno, kwa kuwa mwenye meno ya utoto bado hajapevuka, anapapasa mgongo, anamtembeza aone kama anachechemea, anayaangalia macho. Anachaguliwa siku ya kumi ya mwezi na kuchinjwa siku ya kumi na nne. Siku nne mbuzi huyo anafungwa karibu na nyumba, watoto wanamletea majani, na jioni ya siku ya nne damu yake inapakwa kwa hisopo kwenye miimo ya mlango, naye anachomwa bila kuvunjwa mfupa. Yohana 19 imevipanga vitu hivi kimya kimya: siku ya maandalizi ya Pasaka, hisopo linalobeba sifongo ya siki, miguu isiyovunjwa. Injili nyingine tatu zinaweka karamu ya mwisho yenyewe kuwa mlo wa Pasaka, na tofauti hiyo ya siku isifichwe darasani. Paulo anaichukua Pasaka upande mwingine kabisa, katika 1 Wakorintho 5: kwa kuwa mwana-kondoo amekwisha kuchinjwa, chachu ya zamani itolewe nyumbani, yaani tabia. Melkizedeki, mana, mwamba uliotoa maji, mbuzi wawili wa Walawi 16, vyote hufuata mwendo huo huo, na msomaji aliyeshika viwili vya kwanza vizuri atajiendesha.

Swali gumu ni mpaka: vivuli vinaishia wapi? Mwanzoni mwa karne ya 19 askofu Mwanglikana Herbert Marsh alishikilia kwamba kivuli ni kile tu ambacho Agano Jipya limekitaja kuwa kivuli. Mskoti Patrick Fairbairn, katika kitabu chake cha mwaka 1845, alijibu kwamba Agano Jipya linatoa mifano ya kazi, halitoi orodha iliyofungwa. Fairbairn ana haki kwa nadharia. Yusufu aliyeuzwa na nduguze kisha akawaokoa na njaa hatajwi popote kuwa kivuli cha Kristo, na bado ni vigumu kuukataa mlingano huo. Kwa anayeanza, hata hivyo, uzio wa Marsh ni salama zaidi. Kwanza vishikwe vilivyotajwa, ambavyo ni vingi kuliko watu wanavyodhani.

Akishatoka nje ya uzio huo, msomaji apime mlingano kwa kiini cha kisa, wala si kwa rangi, tarakimu au vyombo. Kamba nyekundu ya Rahabu dirishani, katika Yoshua 2, ilifanywa ishara ya damu ya Kristo tangu waraka wa Klementi wa Roma, mwishoni mwa karne ya kwanza. Ni wazo zuri, lakini linaning'inia juu ya rangi peke yake. Kiini cha kisa ni mwanamke wa mataifa aliyemwamini Mungu wa Israeli akaokoka pamoja na nyumba yake, na hapo ndipo Waebrania 11 na Yakobo 2 zilipolenga. Waraka wa Barnaba, maandishi ya kale yasiyo katika Biblia, ulikwenda mbali zaidi: watumishi 318 wa Ibrahimu wakageuzwa herufi za Kigiriki ili wapatikane msalaba na jina la Yesu. Ibrahimu hakuhesabu kwa Kigiriki. Wahubiri wa siku hizi wanaopata ujumbe katika idadi ya kokoto za Daudi wana ukoo mrefu.

Jambo jingine la kupima ni kuzidi. Mwili hauwi sawa na kivuli, unakipita. Yesu katika Mathayo 12 anajitaja kuwa mkuu kuliko Yona na kuliko Sulemani. Kama mlingano unaodaiwa hauonyeshi kuzidi kokote, hapo pana kufanana tu, kama vilima viwili vinavyofanana vikitazamwa kutoka barabarani.

Kuna pia nukuu ambazo hufundishwa kama unabii wa moja kwa moja na huwatia wasomaji matatani wanapofungua kwenye asili. Mathayo 2:15 inatumia Hosea 11:1 kwa kurudi kwa mtoto Yesu kutoka Misri. Hosea hakuwa akitabiri. Alikuwa akikumbuka Israeli ilivyotolewa Misri, na aya inayofuata inalaumu ibada ya Mabaali. Mwanafunzi mwerevu wa sekondari ataliona hilo kwa dakika moja na kuuliza kama Mathayo alidanganya. Jibu liko katika kivuli: Mathayo anamwona Yesu akiipita njia ya Israeli upya, Misri, maji, jangwa, na pale taifa liliposhindwa yeye anashinda. Isaya 7:14 inasomeka kwa namna hiyo pia. Ishara ilitolewa kwa mfalme Ahazi, aliyekuwa akitishwa na wafalme wawili wa jirani, na ilimhusu yeye. Mathayo anaona umbo lake likijaa kwa Mariamu. Anayesema Isaya hakuwa na Ahazi mawazoni hajamsaidia Mathayo.

Taita Taveta ina swali lake ambalo vitabu vya ng'ambo havilijibu: je, dini ya wazee wa Kitaita ilikuwa na vivuli? Linaulizwa kwenye matanga na kwenye mikutano ya vijana, na haliishi kwa kulikemea. Jina la Mungu, Mlungu, lilikuwapo kabla ya Wray. Misitu mitakatifu ya fighi ilikuwa na mipaka isiyovukwa ovyo. Na kulikuwa na kutasa. Mzee alijaza kinywa juisi ya miwa au pombe yake, akaipuliza, akatamka maneno ya kuitoa hasira moyoni na kuomba amani, kwa kuwa hasira iliyofichwa iliaminika kuleta ugonjwa na maafa nyumbani. Mwanaanthropolojia Mmarekani Grace Harris, aliyeishi na Wataita miaka ya 1950, aliuita utafiti wake uliochapishwa 1978 kwa maana hiyo hiyo, kuitoa hasira. Anayesoma Mathayo 5:23-24, kuhusu kuiacha sadaka madhabahuni hadi ndugu apatanishwe, hawezi kusema hajui kinachozungumzwa kama bibi yake alimsimulia kutasa.

Majibu mawili ya haraka yote hayafai. La kwanza linaita kila kitu cha wazee giza. Paulo mwenyewe hakwenda hivyo: kule Listra, Matendo 14, alisema Mungu hakujiacha bila shahidi kwa mataifa, akataja mvua na majira ya mavuno, ushahidi ambao mkulima wa Voi hauchukulii kama mzaha. La pili linaita kutasa kivuli cha msalaba. Kivuli, kama Waebrania inavyolitumia neno, kinatokana na agano la Mungu na Israeli na kimo ndani ya Maandiko. Mila za mataifa zinahitaji jina jingine, na jina lipo. Justin Shahidi, karne ya pili, alizungumza juu ya mbegu za Neno zilizotawanyika. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya umisionari ya mwaka 1965, ulilirudia wazo hilo. Mwanatheolojia John Mbiti aliziona dini za Kiafrika kuwa maandalizi ya kuipokea Injili. Mbegu, au maandalizi. Katika funzo, kutasa kunaweza kulifungua sikio la msikilizaji ili aielewe Walawi 16, ambako hatia ya watu inawekwa juu ya kichwa cha mbuzi na kupelekwa jangwani. Hakuwezi kuchukua nafasi ya Walawi 16. Na wazee wasilishwe maneno: walikuwa wakiombea nyumba zao amani, kama yule mama wa Misri, na hilo linatosha kuheshimiwa.

Adabu hiyo hiyo inahitajika kwa majirani wengine. Wayahudi wanaisoma Kutoka 12 kila mwaka hadi leo kama historia yao wenyewe, na kwao si kivuli cha kitu. Usomaji wa Kikristo ni usomaji wa imani, usitolewe kana kwamba kila mwenye macho lazima auone. Waislamu wa Voi wanachinja Idi kwa kumkumbuka Ibrahimu na mwanawe, ambaye kwa wengi wao ni Ismaili. Kati ya Wakristo wenyewe, Wakolosai 2:16-17 inagawa meza moja: Waadventista wanasema sabato zilizotajwa pale ni za sikukuu za Kiyahudi tu, wengine wanasema ni pamoja na ile ya kila juma. Mwalimu awaeleze wanafunzi kwamba kugawanyika huko kupo, kisha aseme msimamo wa kanisa lake bila kuificha hoja ya upande wa pili.

Katika maandalizi ya funzo, Biblia yenye marejeo ya pembeni hufaa kuliko vitabu vingi. Msomaji afuate rejeo kutoka Agano Jipya kwenda la Kale, asome sura nzima iliyorejewa, na alinganishe Biblia ya Muungano na Habari Njema, au na ya Kidawida pale anapoimudu; neno likitofautiana, hapo pana kitu cha kuuliza. Mpangilio wa masomo wa kanisa ni mwalimu mwingine asiyelipwa. Jumapili nyingi somo la kwanza limechaguliwa ili lilingane na Injili: kwa Wakatoliki, tarehe 14 Septemba, Kutukuka kwa Msalaba, Hesabu 21 husomwa pamoja na Yohana 3, na Jumapili ya kwanza ya Kwaresima ya mwaka B, agano la Nuhu husomwa pamoja na 1 Petro 3. Anayeyasoma masomo yote mawili Jumamosi usiku atayasikia mahubiri kwa namna tofauti asubuhi.

Mahali ambapo vivuli vyote hukusanyika ni kesha la Pasaka. Kwa utaratibu wa Kikatoliki, unaofuatwa Bura kama unavyofuatwa Roma, mshumaa wa Pasaka huwashwa gizani na watu huketi kusikiliza masomo saba ya Agano la Kale, moja baada ya jingine, kuanzia uumbaji, kabla Utukufu haujaimbwa na mishumaa ya altare kuwashwa. Masomo hayo yanaweza kupunguzwa pakiwa na sababu ya kichungaji. Somo la Kutoka 14, la kuvuka bahari, haliachwi kamwe.